Kampuni Imekufa, Idalina Bado Anapokea Simu Yake

Saa mbili asubuhi, simu ya ukutani inalia jikoni kwa Idalina Furtado, mjini Sunnyvale, California. Mikono yake imejaa unga wa mkate mtamu. Anakinyanyua kipokeo kwa viwiko, anakibana kwa bega.

"Redoubt, habari ya asubuhi."

Anayepiga ni mwanamume mwenye kikohozi. Amekuta mchezo wa zamani wa kompyuta darini, kwenye nyumba ya marehemu baba yake. Mashine imewaka, lakini mchezo haufunguki mpaka auandikie neno kutoka kwenye kitabu chake cha maelekezo.

"Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa sita, neno la tatu," anasema. "Naliandika, unalikataa."

"Jalada la kitabu ni la kijani au la kahawia?"

"Kahawia."

"Basi kinakudanganya, mwanangu. Andika 'daraja'."

Vitufe vinabonyezwa. Halafu kicheko kinasikika mpaka mlangoni.

Kampuni ya Redoubt ilifungwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Haina ofisi wala kibao. Kilichobaki ni namba iliyochapwa nyuma ya kila kitabu chake, na huyu mama wa miaka sabini na mbili anayeipokea. Mwezi ujao anahama kwenda kuishi na bintiye, na namba hiyo nusura ife.

Redoubt ilianzishwa mwaka 1980 na Merle Stancik, karani wa bima aliyependa kupanga vita vya kale juu ya meza ya chakula mpaka mkewe akamhamishia gereji. Aliuza michezo ya mikakati. Humo hakuna kukimbia wala kuruka. Kuna ramani, majeshi yaliyochorwa kama vipande vya sabuni, matope, na malori yaliyoishiwa mafuta. Unafikiri, unasogeza jeshi, unasubiri kompyuta nayo ifikiri. Wengi waliona ni kazi ya ofisini. Walioielewa hawakuiacha.

Idalina, aliyeletwa kutoka visiwa vya Azori vya Ureno akiwa msichana, aliingia pale kufungasha masanduku kwa dola nne kwa saa.

Wakati huo kampuni ilikuwa inapambana na watu wanaonakili michezo bila kununua. Ndiyo maana kila mchezo ulidai neno kutoka kitabuni. Kisha vitabu vikaisha, vikachapwa vingine. Mchapaji akabana herufi ili kuokoa karatasi. Maneno yote yakahama mahali pake, na hakuna aliyekumbuka kuubadilisha mchezo.

"Tuliwauzia watu mlango, tukawapa funguo za nyumba ya jirani," anasema Idalina.

Simu zikalia tangu asubuhi. Watengeneza michezo wakajifungia chumbani. Idalina alikuwa anapita na gundi ya kufungia masanduku, kelele ikamchosha, akapokea. Mezani kwake kulikuwa na vitabu vya aina zote mbili, kijani cha zamani na kahawia kipya.

"Yule bwana alikuwa anatukana. Nikamwambia, 'Baba, ukitukana neno silisomi.' Akanyamaza, nikamsomea. Akaniuliza jina langu."

Stancik alikuwa amesimama nyuma yake. Kesho yake akamletea kiti chenye mto.

"Akasema, 'Ida, una sauti ya mtu asiye na haraka. Kaa hapo.' Sikuinua sanduku tena. Mgongo wangu mpaka leo unamshukuru."

Anawashukuru zaidi waliopiga. Mumewe, Tibério, alipofariki, habari zilienea kwa wachezaji bila yeye kujua ziliendaje. Watu wakaanza kupiga bila kuwa na shida ya neno. Dwight, mlinzi wa bwawa la umeme kule Montana, alipiga kila Ijumaa.

"Nikamwambia, 'Wewe, neno hilo nimeshakupa.' Ananijibu, 'Limenitoka tena, bibie.' Mwongo yule. Lakini Ijumaa zangu alizibeba yeye."

Baadaye vijana walitaka michezo yenye mbio na milipuko. Redoubt ikauzwa kwa kampuni kubwa, ikauzwa tena, ikafungwa. Siku ya mwisho wafanyakazi waliondoka na viti na taa. Idalina aliomba namba ya simu. Wakadhani anatania. Mpaka leo anailipia kutoka kwenye pensheni.

Bintiye, Lorraine, ni muuguzi huko Modesto, na jambo hilo lilimkera.

"Mama, chumba kipo, bustani ipo. Hiyo simu iache huko. Unamlipia maiti."

"Maiti gani anapigiwa simu?"

"Mara mbili kwa wiki, mama."

"Wewe hupigi hata mara moja."

Jumamosi iliyopita Lorraine alikuja kufunga vyombo. Mama yake alikuwa uani akichuma ndimu, simu ikalia. Lorraine akapokea ili aseme huduma imekwisha, namba isipigwe tena.

Mpigaji, Garland Pruitt wa Ohio, hakuwa anatafuta neno. Alitaka kutoa taarifa. Tangu ujana wake alikuwa anashindwa kuvusha jeshi lake mto mmoja. Asubuhi hiyo alikuwa amevuka.

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie tumefunga," anasema Lorraine. "Nikajikuta namuuliza amevukaje."

Idalina aliporudi na kapu, alimkuta bintiye amekaa juu ya sanduku la sahani, anachora mto kwenye ukingo wa gazeti.

"Nikamuuliza, 'Vipi, umeshamzika?' Akanipungia mkono ninyamaze."

Jumatatu, Lorraine mwenyewe aliomba namba ihamishiwe Modesto, na imekubaliwa. Ila ametoa sharti moja: mama yake ajifunze kucheza.

Maana Idalina hajawahi kucheza hata mara moja. Amewafungulia maelfu, yeye akabaki nje. "Nilikuwa kazini," anajitetea.

Pruitt amekubali kumfundisha kwa simu, kila Jumapili baada ya misa. Idalina ameshachagua kuongoza jeshi linalolinda mto, ili amzuie Pruitt asivuke tena.

"Nataka nione humo ndani kuna nini, mpaka mtu mzima anipigie simu kwa machozi kunishukuru," anasema, akifuta unga mikononi. "Na nikikwama, nitapiga Redoubt. Lorraine atapokea."