Siku Nilipochagua Cheo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimekaa uani kwa mama yangu Tongoni, barua mbili za kazi zimelala mapajani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na chuo cha uuguzi nilikuwa nimekimaliza juzijuzi. Jana uliponisomea kwa simu barua zako mbili za kazi ya uuguzi ukaniuliza, "Bi Zuhura, niende wapi?", nikanyamaza, ukadhani usingizi umenichukua. La. Nilikuwa nimerudi kwenye ua ule.

Barua ya kwanza ilitoka hospitali kubwa ya mjini. Ilinitaka wodi ya wazazi, chini ya Sista Naomi, Msambaa wa Lushoto, mama wa kanisani, ambaye sisi wanafunzi tulimwogopa kuliko mtihani. Ukikunja shuka vibaya anakufunulia kitanda kizima, uanze upya. Barua ya pili ilitoka kituo kipya cha afya cha mtu binafsi, nje ya mji. Mwenye kituo alinifuata hadi nyumbani kunibembeleza. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mimi siku ile niliona nimetukuzwa. Alinipa nyumba ya vyumba viwili, na chini ya jina langu akaandika: Muuguzi Mkuu.

Mama alikuwa anakuna nazi. Aliniacha nisome zote mbili, kisha akauliza swali moja tu.

"Huko kwenye ukuu, utakuwa na nani?"

"Mama, mimi ndiye mkuu. Wa nini mtu mwingine?"

Aliendelea kukuna nazi yake. Nimeyajutia maneno yale zaidi ya yote niliyowahi kumwambia, na alifariki kabla sijamwomba radhi kama inavyopasa.

Basi nikaenda. Kumbe mkuu mwenyewe hakuwa na hata mmoja wa kumwongoza. Daktari alikuja Jumanne na Alhamisi, akiondoka hata chai hanywi. Siku nyingine zote nilikuwa mimi na Mama Hiza, Mbondei wa makamo aliyefagia na kuchemsha vyombo. Saa tisa anakwenda zake kwa wajukuu. Mimi nafunga mlango, napika wali wa mtu mmoja, nakula nikitazama ukuta mweupe. Vyumba vile viwili nilivyovitamani, kimoja sikuwahi hata kukifungua dirisha. Kulikuwa na mambo nilitaka kumsimulia mtu: mtoto aliyepona, mzee aliyekataa sindano akanikimbia. Nikausimulia ukuta. Wapo watakaokwambia upweke ni kukosa watu. Mimi nilijua upweke wa kukosa mtu anayeijua kazi yako, wa kumwuliza, "Hivi hapa nimefanya sawa?" Huo unakula taratibu, na usipoangalia unauita uhuru.

Ilipita miezi saba. Ijumaa moja, waumini wakielekea msikitini, aliletwa binti aitwaye Mwanahamisi. Alikuwa amejifungua nyumbani asubuhi ile, mtoto mzima wa afya, mzao wake wa kwanza. Lakini damu haikukata. Mama mkwe wake alikuwa amemshika mtoto, mwenyewe binti ananitazama kama anayemtazama mwokozi.

Mwanangu, nilijua la kufanya. Kwenye mtihani swali lile nililipata lote. Nilikanda tumbo, nikachoma sindano ya kuzuia damu, nikatafuta mshipa wa kumwekea dripu. Mara ya kwanza nikaukosa. Mara ya pili nikaukosa. Mkono ulikuwa unatetemeka, kwani chuoni kila nilipotetemeka palikuwa na mkono mwingine juu ya wangu. Damu haikusikia sindano yangu. Hapo ndipo nilipokosea kosa ninaloishi nalo. Nilipaswa kusema palepale, "Hili limenishinda, tumpeleke mjini." Sikusema. Niliwaza watu watasema nini, muuguzi mkuu ameshindwa na mzazi mmoja. Nikawaambia wasubiri kidogo. Nikarudia yaleyale, na saa ikapita.

Ni Mama Hiza, aliyeacha ufagio mlangoni, ndiye aliyenishika bega. "Nesi," alisema kwa upole, "huyu anatutoka. Sema neno, nikatafute gari."

Nikasema. Alikimbia barabarani, akasimamisha pikapu ya muuza mbao, mbao zikateremshwa vumbini, Mwanahamisi akalazwa juu ya godoro la kituo. Njia nzima nilikuwa nimemkandamiza tumbo kwa ngumi, namsomea aya nilizozikumbuka na nyingine nachanganya.

Wodini, kwenye hospitali ile ya mjini, tulipokelewa na Sista Naomi. Hakupaza sauti. Aliita majina matatu, na watu watatu wakawa wameshafika, huyu mshipa, huyu damu ya kuongezea, huyu daktari. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikuwa nikilisikia neno hilo tangu utotoni, nikaliona kwa macho siku ile.

Mwanahamisi alipona. Lakini ili apone walilazimika kumtoa mfuko wa uzazi. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilimkuta Sista Naomi baadaye kwenye sinki, ananawa mikono.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Ulikuwa na nani kule?"

Swali lilelile la mama yangu. "Peke yangu," nikamwambia, machozi yakanitoka.

"Kushindwa si kosa. Hata mimi nashindwa, ndiyo maana umesikia nikiita. Kosa lako hukulianza leo, ulilianza ulipochagua mahali ambapo hakuna wa kumwita." Akafunga bomba. "Ukitaka kujifunza, njoo. Utaanzia kukunja mashuka."

Nilikwenda, mwanangu. Nilikunja mashuka mwaka mzima, na katika watu wale niliogombana nao na kucheka nao, mkono wangu ukatulia. Nimezalisha watoto wengi hata sikumbuki idadi. Lakini Mwanahamisi namkumbuka. Miaka mingi nilikuwa nikimkuta mtaa wa Usagara kwenye shughuli zake, mwanawe yule mmoja akiwa ubavuni. Ananisalimu kwa furaha, ananiita mwokozi wake. Mara nyingi nimefungua kinywa nimweleze ile saa moja niliyompotezea, nikashindwa. Baadaye alihamia Muheza pamoja na mumewe, na mimi sikusema. Sasa nakaa hapa Nguvumali, wanangu wako mbali, mume kanitangulia, na siku zangu nyingi nazipitisha na saa ile moja. Wewe ndiye wa kwanza kuisikia.

Kwa hiyo sitakuchagulia kazi. Jembe huchaguliwa na yule atakayelima. Ila kabla hujatia sahihi, nenda ukaone kote kuwili, mchana, watu wakiwa kazini. Usitazame jengo. Mtafute muuguzi aliyechoka, umwulize: likikushinda hapa, unamwita nani? Akikutajia jina upesi, hapo pana kazi. Akikuangalia tu, au akacheka, shika njia urudi, hata kama wamekuandikia cheo kwa wino wa dhahabu. Cheo kitakufuata, nacho kitakukuta umeshakua. Na popote utakapokuwa, siku mkono utakapotetemeka, usione haya. Ita mapema. Haya ya muuguzi, mgonjwa ndiye huilipia.

Na ukiwa na mama, mpigie leo.

Mwenyezi Mungu akutilie baraka mikononi mwako, akukutanishe na walimu wenye subira na wenzako wenye kuitikia. Akujaalie usibebe siri kama yangu, na kila atakayelala kitandani mbele yako aamke akiwa mzima. Amin, mwanangu, amin.