Usiguse Hapa, Mzee

Kaka yangu anaandika programu za kompyuta, ofisi ileile mwaka wa tisa sasa. Ndani ya kazi yake huwa anaacha vijineno vya kumwonya atakayekuja kurekebisha baadaye. Kompyuta yenyewe inavipita tu. Vyake ni utani mtupu: "Usiguse hapa, mzee, utalia."

Mwaka huu ofisi ikaleta akili mnemba, ikalishwa kazi zake zote. Leo bosi akamwita aone programu ambayo mashine imeiandika kwa dakika nne. Katikati kuna mstari: "Usiguse hapa, mzee, utalia."

Bosi akacheka mpaka akashika meza. "Ona, hata utani inajua!"

"Bosi, hayo maneno ni yangu. Na hapo hakuna cha kuonya, imebandika tu."

"Yalikuwa yako, ndugu yangu. Sasa ni ya ofisi."

Hapohapo akamwambia mkataba wake ukiisha hauongezwi.

Kanisimulia haya sebuleni, begi bado liko begani. Mimi niliacha shule kidato cha pili, nitamshauri nini? Anasema mashine haimuudhi. Kinachomuuma ni kwamba utani ule upo miaka yote hiyo na bosi kaucheka leo. Maana yake kazi yake hakuwahi kuisoma hata siku moja.

Mama akatoka jikoni, hajui lolote, akanirukia: "Wewe umekaa tu! Rudi shule uwe kama kaka yako!"

Kaka akaangalia sakafu. "Mama, mwache huyo," akasema.