Mwanaarusi na Lenzi ya Kuvuta Mbali

Mwanaarusi alikuwa mtu wa Kipini. Aliletwa Garsen na ndoa, akaolewa na mfugaji wa Kiorma, akafiwa naye mapema. Akabaki na binti mmoja, Batula, na kamera ya video aliyoachiwa na kaka yake aliyerudi kutoka Uarabuni. Kwa kamera hiyo alipiga picha za harusi upande wa wanawake. Mwanamume haingii mahali bi harusi anapopambwa na wenzake wamevua mabuibui, kwa hiyo alitafutwa yeye, hata na watu wa mbali kama Madogo.

Lenzi aliinunua Mombasa, ya mitumba, ya bei ya mnyonge. Waliojua kamera walimcheka. Ilitia giza, pembeni ilikuwa na ukungu, na ukiivuta hadi mwisho hata pumzi yako inaitikisa picha. Lakini alikaa mlangoni akauleta uso wa bi harusi karibu bila kumsogelea, na msichana akasahau kuwa anapigwa. Tena alikuwa na sharti lake: aliyevua leso kichwani asionekane. Alijaza picha kwa uso mmoja, wengine akawakata nje ya picha. Mimi ni jirani yake, kanda zile nimezitazama. Hakuna hata moja iliyomwaibisha mtu.

Ikaja mvua ya Elnino, mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Batula, mimba imeshatimia, alikuwa malishoni na wakwe zake. Mumewe Tadicha akawapandisha kwenye tuta la mchanga ambako ng'ombe hukimbilia mto ukifurika. Safari hii maji yalilizunguka tuta lenyewe, na ng'ombe wakasombwa. Mangi wa Kulesa, ambaye amezaliwa na kasia mkononi, alijaribu kuvuka kwa mtumbwi. Mkondo ulimpindua, akaokolewa akining'inia kwenye tawi. Baada ya Mangi hakuna aliyethubutu.

Boti ya injini ilikuwa moja tu, ya watu wa misaada, kule Minjila. Msimamizi wake alikuwa kijana ambaye masikio yalikwisha kuchoka. Kila aliyefika alisema watu wake ndio wanaokufa. Mwanaarusi akasema maneno hayatoshi, atampelekea picha.

Nilimshikia ngazi akapanda paa la duka. Mchana haikufaa, hewa ya joto juu ya maji ilichezacheza na watu wakawa kama moshi. Akangoja jua lipoe. Akailaza kamera juu ya gunia la mahindi ili isitikisike, akazuia pumzi, akavuta hadi mwisho. Akawaona. Wanawake walikuwa wamevua leso na mashuka wakafunga kivuli, na Batula amelala chini yake, kichwa wazi, tumbo juu. Hapo mkono ukafanya ulichozoea. Aliwakata wanawake, akajaza picha kwa wanaume na watoto waliosimama ukingoni.

Asubuhi alikata maji kwenda Minjila, kamera kichwani. Kijana akatia jicho kwenye kidirisha cha kamera. Sasa, lenzi ile ikivuta, kilicho mbali na kilicho karibu hushikana. Tuta lilionekana limegusana na miti yetu ya Garsen, na yale maji yote katikati yamekuwa utepe.

"Mama, hawa wamesimama, wazima," alisema. "Haya ni maji ya kuvuka kwa miguu. Mimi nina watu kijiji cha Wema, wako juu ya mapaa."

Mwanaarusi alimweleza kwamba ni lenzi. Akajibiwa kwamba kila mtu siku hizi ana lake la kueleza. Boti ikaenda Wema, na simlaumu, Wema nako kulikuwa na roho za watu.

Alirudi akakaa kizingitini kwangu, nguo zikichuruzika. Nikamwambia apande apige tena, na mara hii aonyeshe yote.

"Yote, dada? Mwanangu kichwa wazi, nimpelekee wanaume wa boti wamtazame?"

"Ukimfunika leo, kesho utamfunika kwa sanda."

Alinitazama kama niliyemtukana. Kisha akaiendea ngazi, nami nikapanda nyuma yake.

Stima ilikuwa imekatika tangu mafuriko, na betri ilikuwa inakaribia kuisha. Hakuanza kwa kuvuta. Alianza na ukuta wa duka chini yetu, akapita polepole juu ya maji, mzoga wa ng'ombe ukienda na mkondo, miti iliyobaki vilele, na tuta huko mbali, dogo kama mkeka. Ndipo akavuta, taratibu, mpaka Batula akaijaza picha. Alikuwa ameuma shuka, mama mkwe amemshika magoti. Gunia halikusaidia tena, picha ilitetemeka kwa sababu mwenye kamera alikuwa akitetemeka mwili mzima.

Akaipeleka Minjila boti iliporejea kutoka Wema, na kijana akaitazama mpaka mwisho. Aliwauliza wenzake mafuta yako wapi.

Batula aliletwa hai. Mtoto alizaliwa ndani ya boti na hakulia. Wakunga walisema pengine kilichomuua ni ile siku iliyopotea, pengine sivyo. Mwanaarusi hakutaka kusikia habari ya pengine.

Maji yalipopungua, maneno yakapanda. Wanaume wa boti walikuwa wamesimulia walichoona, na wanawake wakasema huyu sasa anatembeza vichwa vyetu. Harusi zikafungwa bila kanda, hakuna aliyemwita. Mwishowe wakaja wazee wa upande wa Tadicha, wakiongozwa na baba yake, mzee Guyo. Wakanywa chai kwa heshima zao zote, kisha wakaomba kanda ile ifutwe. Mwanaarusi aliinuka kuileta. Aliona wana haki.

Batula alikuwa nyuma ya pazia, hajasema na mtu tangu aletwe. Akatoka amejitanda mpaka machoni, akaichukua kanda mkononi mwa mama yake.

"Msiifute, baba," alimwambia mkwewe. "Humo bado niko naye."

Mzee Guyo aliweka kikombe chini. Wakaaga.

Kanda bado anayo Batula. Mashine ya kuichezesha haipo tena hapa Garsen.