Alichosema Malkia wa Moshi

Kaka yangu alikuwa fundi redio siku za kazi, lakini Jumamosi na Jumapili alasiri alikuwa watu wote. Alikuwa mfalme, mchawi, mtoto anayelia, bibi asiye na meno, na farasi pia akihitajika. Watu walimwita Kipaza, na jina hilo likamganda hivi kwamba hata wauguzi waliomhudumia uzeeni hawakujua lingine.

Wanaozikumbuka siku hizo watanielewa, na wasiozikumbuka nitawaeleza. Miaka ile ya themanini ukumbi wetu wa video ulikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la spea. Mabenchi kumi na mbili, televisheni moja juu ya kabati, deki chini yake. Filamu zilitoka ng'ambo zikisema Kiingereza, na wengi wetu Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo Kipaza alikaa kwenye stuli kando ya televisheni, kipaza sauti mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye kitufe. Mtu wa kwenye kioo akifungua mdomo, kaka alipunguza sauti ya filamu akasema yeye. Mimi, dada yake mkubwa, nilikaa mlangoni nikichana tiketi. Nilikaa pale miaka tisa na hakuna mtoto aliyenipita bila tiketi. Wengine sasa ni wakuu wa idara, waulizeni.

Lugha yenyewe Kipaza hakuijua sana, na hilo nililijua mimi peke yangu. Asubuhi aliitazama filamu mara mbili, akiandika kwenye daftari. Alipoelewa alifasiri, na pasipoeleweka aliweka la kwake. Mara nyingi la kwake ndilo lililochekesha. Tulizopenda zaidi zilikuwa za vichekesho na za maajabu, na humo aliwapachika watu wa mtaani. Kulikuwa na joka moja lenye mabawa, akaliita Mama Mwenye Nyumba, na kila lilipopanua mdomo kutoa moto lilisema, "Nani kaacha bomba wazi?" Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Mama mwenye nyumba mwenyewe akapata habari. Akaja Jumapili moja, akakaa mbele kabisa na mkoba wake mapajani, akatazama mpaka mwisho bila kutabasamu. Wakati wa kutoka akaniambia, "Mwambie kaka yako mabawa sina." Wiki iliyofuata akaja tena, na dada zake wawili.

Kwenye benchi hilo la mbele, mwisho wa kushoto, goti kwa goti na baba yake, alikaa binti wa pekee wa Kipaza. Tulimwita Mkia kwa sababu baba akipita mlangoni, hesabu moja, mbili, naye huyo. Alikuwa na miaka saba mama yake alipofariki. Sasa anakaribia hamsini na ni karani wa mahakama. Kipaza naye ametutoka, huu mwaka wa tatu.

Jumapili moja mwezi uliopita Mkia alikuja kwangu baada ya chakula cha mchana.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Leo umekuja peke yako? Mume umemfungia ndani?"

"Nimemwacha amelala, tumbo linamuuma. Nitakueleza." Akatoa flashi kwenye pochi, akaichomeka nyuma ya televisheni yangu kama mtu aliyekuwa na haraka asibadili mawazo. "Nimezipata, Shangazi. Fundi wa kompyuta wa kazini kwetu kanitafutia. Ya fundi viatu aliyemezwa na saa, ya mfalme aliyebadilishana kichwa na mbuzi, na ile."

Sikumwuliza ile ipi. Akasema hata hivyo, "Malkia wa Moshi."

Hakuna mtoto wa mtaa wetu asiyeijua filamu ile. Msichana anaingia kwenye kinu kibovu cha upepo, anatokea katika nchi ambayo watu wake wote ni moshi, anahangaika humo na bata wawili wanaogombana, na karibu na mwisho anafika kwa Malkia. Malkia anamwinamia, anasema naye muda mfupi, kisha anatawanyika na kutoweka. Katika kinywa cha Malkia yule Kipaza aliweka maneno ambayo hayakubadilika hata mara moja, na tuliionyesha zaidi ya mara thelathini: "Mwanangu, usinitafute vyumbani. Kula ushibe. Na ulale upande wa ukutani, usije ukaanguka." Mabenchi yote kumi na mbili yalilia, na watoto waliolia Jumamosi walirudi Jumapili kulia tena.

Mkia akakaa karibu yangu. "Shangazi, nataka kukuuliza kitu, na unijibu kama uko kizimbani. Yale maneno yalikuwa ya filamu, ya Baba, au ya Mama?"

"Ya leo haya yametoka wapi?"

"Yametoka kitandani. Mimi nalala ukutani tangu utoto. Kila nikitaka kuamka namruka mume wangu kama mwizi anavyoruka uzio. Juzi nimemkanyaga tumbo. Akaniuliza, kwani huko ukutani umeficha nini? Nikamwambia, Mama alisema nilale huku. Akaniuliza, alikuambia lini? Ninamwona akiniambia, Shangazi. Ninamwona ameinama. Lakini yule ninayemwona ni yule wa kwenye televisheni, sura ya Mama sina. Nikitoa yale maneno, sina kitu kingine kutoka kwake."

"Tutazame kwanza," nikasema. Nilikuwa navuta muda, na nadhani alijua.

Tukaanza na ya fundi viatu. Nilikuwa nimeshajiweka tayari kucheka. Fundi anaingia, anaitazama ile saa kubwa, na mimi nakumbuka vizuri anavyosema: "Hii saa inanitazama kama mkwe." Lakini sasa alifungua mdomo yakatoka mambo mengine, kwa sauti nyembamba isiyo yake. Nasema isiyo yake, na kumbe ndiyo yake hasa.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Amesema leo kuna baridi."

"Basi?"

"Basi."

Mahali pote pa kuchekea palipita hivyo. Mfalme mwenye kichwa cha mbuzi ambaye alituvunja mbavu kwa kuomba msamaha kwa mchinjaji, kumbe alikuwa anauliza njia. Tulicheka mara moja tu, alipojikwaa, kwa sababu kujikwaa hakuhitaji mfasiri. Nyuso zote zilikuwa zilezile nilizozizoea, hata kovu la yule mlinzi, lakini kila mmoja alinitazama kama mtu uliyemsalimia njiani ukakuta siye.

Kisha likaja jambo ambalo sikupenda kulisema pale. Kipaza, kabla ya kusema kwa sauti ya mwanamke, alikuwa na kikohozi kidogo cha kulainisha koo. Sasa katika filamu ile ya mfalme mke wa mchinjaji alitokea mlangoni, na kabla hajafungua mdomo nikakisikia. Akatokea mjakazi, nikakisikia tena. Nikajisemea ni masikio ya uzee. Nikamgeukia Mkia nikamwona ameshika koo lake mwenyewe.

"Nini?" nikamwuliza.

"Hakuna." Baadaye akasema bila kunitazama, "Baba anawahi, Shangazi. Anasema yake kabla yao. Halafu wao wanakuja na ya kwao, kama watu waliovaa nguo za marehemu."

Nikainuka nikavuta pazia, ingawa jua halikuwa linapiga kioo.

Kisha tukaweka ya tatu. Kinu, nchi ya moshi, bata na ugomvi wao. Malkia alipotokea Mkia alisogea mpaka ukingoni mwa kochi. Malkia akamwinamia yule msichana, uso mkubwa wa kijivu, macho mazuri yale yale, akaanza kusema. Sauti yake ilikuwa kali, ya mtu mwenye kero. Kisha akarudisha kichwa nyuma, akapiga chafya moja kubwa, akatawanyika. Bata wakaangua kicheko.

Mkia akasimamisha filamu.

"Amesemaje?" nikauliza.

Alinitafsiria taratibu, neno kwa neno, kama anavyofanya kazini. "Amesema, umechelewa. Nimekungoja tangu asubuhi na mpishi wangu kaunguza supu. Na nguo zako zina vumbi, usinisogelee, vumbi linanipigisha chafya." Akaweka rimoti mezani. "Wamemfanya wa kuchekesha. Sisi tulikuwa tunalilia chafya, Shangazi."

Kipaza alikuwa anazima sauti kabisa pale. Ndiyo maana hatukuwahi kuisikia.

Akarudisha nyuma akatazama tena. Mara ya tatu akaizima sauti, na chumba changu kikawa kimya, Malkia akainama na kusema bila sauti. Sitaki mtu adhani natia chumvi. Midomo ile ilikuwa inayatamka maneno ya kaka yangu. Ilifungana palepale pa "ushibe". Ilifunguka palepale pa "ukutani". Nikafahamu kwamba Mkia naye anaona, kwa sababu midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja.

"Kwa hiyo filamu tumeitoa," akasema, akamsimamisha Malkia. "Wamebaki wawili."

Ningeweza kusema ni ya mama yako. Neno moja tu, na angekwenda zake akiwa na amani. Nilikuwa nimelisema mara moja tayari, na siku ile halikunishinda.

"Si ya mama yako," nikasema. "Na si ya baba yako. Ni yangu."

Akanigeukia mwili mzima.

Nikamweleza. Mama yake, wifi yangu, alilazwa siku tano. Jumamosi alionekana ana nafuu, akanywa uji. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, na Kipaza alikuwa ameketi kitandani kwa mkewe hataki kuondoka. Mimi ndiye niliyemwambia, nenda kafanye kazi yako, hapa nipo mimi, mtu huyu hana la kumwua leo. Nilisema kwa uhakika kabisa. Nilikuwa na sifa ya kujua mambo, na kaka yangu hakuwahi kunibishia. Akaenda. Saa kumi wifi akakata roho, nimemshika mkono, na Kipaza kule ukumbini alikuwa mfalme, alikuwa farasi, alikuwa anachekesha watu.

Alipokuja nilimkuta koridoni. Hakuuliza amekufaje. Aliniuliza, "Dada, alisema nini?" Maisha yake yote kazi yake ilikuwa hiyo, watu wanasema nini. Alisimama mbele yangu na daftari mfuko wa shati. Mimi ndiye niliyemtoa pale, nikaona siwezi kumpa mikono mitupu.

"Nikamwambia alisema mtoto asimtafute vyumbani, ale ashibe, alale upande wa ukutani asianguke. Ulikuwa umeanguka kitandani wiki ile, una nundu hapa. Ndiyo iliyonijia kichwani."

Mkia akajigusa paji la uso.

"Baada ya miezi miwili ikaja filamu hii. Nilikuwa mlangoni na tiketi zangu. Nikasikia kile kikohozi chake, kisha nikasikia uongo wangu unatoka kwenye spika, kwa sauti ya wifi. Alimwigiza vizuri sana. Na wewe uko pale mbele, unatazama juu. Nikasema nitamwambia kesho. Baadaye nikasema wakiacha kuionyesha. Baadaye nikasema mtoto akikua."

"Baba hakujua mpaka anakufa?"

"Hakujua."

Kwenye kioo Malkia alikuwa amesimama palepale alipomsimamisha, mdomo wazi.

"Sasa Mama alisema nini?" akauliza. "Kweli kweli."

Hakuna mtu aliyewahi kuyasikia. Sikuwahi kuyatoa mdomoni hata nikiwa peke yangu, na yalipotoka niliona aibu kwa udogo wake. "Alisema, 'Wifi, nifungie dirisha, baridi inaingia.' Mara mbili."

"Hakunitaja?"

"Hakukutaja, mwanangu. Hakumtaja mtu."

Nilidhani atalia. Nilidhani atachukua pochi yake aondoke, na nisingemlaumu.

"Ukamfungia?"

"Lilikuwa limefungwa. Nikamwambia, wifi, mbona limefungwa. Akarudia tena, nami nikamwambia tena, limefungwa."

"Si ungelifungua kwanza," Mkia akasema, "halafu ukalifunga."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuelekeza namna ya kushika kitu kizito. Mimi nimeishi na dirisha lile miaka arobaini. Nimelisikia likiniita katikati ya kufua, katikati ya kupika, mpaka kwenye msiba wa kaka yangu, na jambo jepesi kama lile halikuwahi kunijia.

Akachomoa flashi, Malkia akatoweka, kioo kikawa cheusi na ndani yake tukaonekana sisi wawili kwenye kochi. Akafunua pazia nililokuwa nimelivuta, akarudi akakaa, karibu zaidi kuliko mwanzo.

"Alikuwa na mablanketi mangapi?" akauliza.

"Mawili. Moja la hospitali la kijivu, moja letu la nyumbani."

"La rangi gani?"

"Bluu, lina pindo jeupe. Alilishona pindo mwenyewe."

"Na miguuni? Alikuwa amevaa soksi?"

Nikajaribu kuiona miguu ya wifi yangu. Niliona kitanda, niliona lile bakuli la uji, niliona vidole vyake mkononi mwangu.

"Soksi sikumbuki," nikamwambia.