Tanuri la Masizi Lisilowashwa

Mke mwenzangu tulimpachika jina la Masizi, wala hakulikataa. Alipoolewa, mimi nikiwa nimeshazoea kuwa peke yangu mle ndani, nilimnunia msimu mzima. Kisha mume wetu akafa, akatuachia watoto na paa linalovuja. Masizi ndiye aliyeingia msituni kuchoma mkaa. Watoto niliowazaa mimi wamesomeshwa kwa mkaa wake. Nalisema mwenyewe kabla jirani hajanisemea.

Wakaja watu wa mradi. Wakatueleza kuwa miti ikiachwa imesimama huufungia ndani yake moshi wa viwanda vya mbali, na wenye viwanda watakilipa kijiji kila mwaka, mradi mti usikatwe. Vigelegele! Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano darasani, akatangaza kuwa fedha zitagawanywa sawa kwa kila nyumba.

Masizi akasimama. "Sawa na nani? Fundi cherehani anaacha nini? Mwenye duka anaacha nini? Sisi wachoma mkaa tunaacha ugali wetu humo msituni."

"Mama, una tamaa wewe!" akadakia fundi cherehani, watu wakaangua kicheko.

Nikamwambia afunge mdomo kabla sijamshonea kwa uzi wake mwenyewe. Lakini kura ya mikono ikapigwa, tukashindwa.

Asubuhi yake Masizi akaenda ukingoni mwa msitu, pale barabara inapopita. Akapanga magogo makavu yaliyoanguka yenyewe, akayafunika majani na udongo, likawa tanuri la kupendeza. Hakuliwasha. Alikaa kando yake anachambua mboga, kiberiti mapajani.

Mwenyekiti akaja mbio, vifungo vya shati havijafungwa. "Mama, unatuua! Ukichoma mkaa hapa mradi unavunjwa!"

"Kumbe? Jana nilikuwa nyumba moja kama nyingine. Leo nimekuwa kijiji kizima?"

Akayatazama magogo vizuri. "Lakini hayo si makavu tu?"

"Leo makavu. Kesho wajukuu watataka kula, nitashika shoka. Sikutishi, baba. Nakueleza njaa ilivyo."

Mwenyekiti akajiketia mavumbini. Wakavutana mpaka jua likawa kali. Akamwahidi kazi ya kulinda msitu, ya mshahara, yeye peke yake. Masizi akakataa katakata.

"Tuko wengi. Ukinilipa mimi tu, mwenzangu akiwasha tanuri nitamfukuza kwa uso gani, naye ana watoto?"

Mkutano ukaitwa upya. Ikapita: wachoma mkaa wote waajiriwe walinzi, walipwe kwanza, kinachobaki ndicho kigawanywe. Fundi cherehani alinung'unika, lakini mkono aliunyanyua. Masizi akalibomoa tanuri, magogo akamtwisha mwenyekiti ayapeleke jikoni kwetu.

Siku hizi anazunguka msituni na mabuti. Juzi nimevunja kitawi kibichi cha kufagilia uwanja, huyo kanitokea.

"Dada, weka chini."

"Mimi mkubwa wako!"

"Ndiyo, mkubwa wangu. Weka chini."

Nikaweka. Mimi huyu, ambaye tangu nizaliwe siamriwi na mtu! Nikarudi nyumbani mikono mitupu, natamba njia nzima utadhani nimemzaa mimi.