Ndoo Niliyoishika Mapema

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilipelekwa kufundisha shule ya msingi upande wa Mwimbi, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na kiburi chake chote. Katika jarida moja nilikuwa nimesoma habari za heliamu, gesi inayopozwa mpaka inakuwa kimiminika, baridi kuliko asubuhi yoyote ya Ufipa. Chombo chake kikizungushwa polepole, yenyewe hutulia tu. Kasi ikifika kiwango fulani, kinatokea kizingia kimoja, kama kile cha maji yanayotoka kwenye tundu. Kasi ikizidi, kinakuja cha pili, kisha cha tatu, vyote nguvu sawa. Nusu kizingia hakuna.

Nikawaambia darasa la saba kwamba hata maji hutulia hivyo. Nilining'iniza ndoo ya maji kwenye boriti kwa kamba ya katani, nikaisokota, nikaiachia. Ndoo ikazunguka, pumba za ulezi nilizonyunyiza juu ya maji zikabaki palepale. Kabla hazijasogea, niliishika ndoo. Nilijua ninachofanya.

Mwaka uliofuata akaja mkaguzi, mtu wa Mbeya, kuamua kama nithibitishwe kazini au nirudi kwa baba kulima. Nikachagua somo hilohilo, ambalo darasa jipya la saba nilikwisha kulionyesha mara kadhaa, nipate kujionyesha. Ndoo ikazunguka; nilipoinyooshea mkono, akasema, "Ndugu mwalimu, iache."

Pumba zikaanza kutembea. Punde maji na ndoo vikawa vinakwenda pamoja.

Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, leo umesahau kuishika."

Darasa likacheka.

"Kwani huwa anaishika?" mkaguzi akauliza.

"Kila siku, mzee."

Nikakiri kwamba maji hayafanyi hivyo, ni heliamu, nayo sijawahi kuiona. Nikachora vizingia ubaoni, nikaeleza upya.

"Sasa inajuaje kwamba kasi haijatosha?" akauliza yule msichana.

"Sijui."

"Na mzee je?"

"Usiniingize," mkaguzi akacheka. "Na mimi sijui."

Nje akaniambia, "Ungesingizia ndoo, ningekurudisha kwenu. Nitakuthibitisha. Ila kamba wasokote wao, wewe kaa mbali."

Darasa lililotangulia lilikwisha kuondoka na uongo wangu, na hao wananisuta mpaka leo. Lakini mchana ule nilikula ugali wa ulezi nikashiba, mara ya kwanza tangu nisikie mkaguzi anakuja.