Mshairi anayekamua ng'ombe

Leo nimeiharibu semina yangu mwenyewe kwa sentensi moja. 😅

Nilikuwa kijijini Ihembe, kwenye ukumbi wa kanisa, nawasimulia akina mama maisha ya mshairi mmoja wa Australia. Nilitaka nao waanze kuandika mashairi yao.

Nikasema, "Huyu mama anakamua ng'ombe alfajiri, ndipo anakaa kuandika."

Ukumbi ukalipuka.

"Mwanamke anakamua? Mume wake yuko wapi?"

Jamani, nilisahau! Kwa familia za wafugaji huku kwetu, kukamua ni kazi ya mwanaume. Vitabu vyote vya yule mshairi hakuna aliyetaka kuvisikia tena.

Nilikuwa nimeshaanza kukusanya karatasi zangu, akasimama Bibi Koku, mjane mwenye ng'ombe zake.

"Mume wangu alipougua, nilikamua mimi. Mkanisema. Maziwa mkanywa."

Akainua fimbo, akaanza kujigamba kwa Kinyambo, lugha ya huku kwetu, vile wanaume wanavyojigamba harusini. Akamtaja kila ng'ombe kwa jina lake, na kila jirani aliyemcheka (wengine walikuwa wamekaa pale pale!). Wale wale waliopiga kelele wakawa wanamwitikia.

Niliandika mpaka mkono ukafa ganzi.

Alipomaliza, akaninyooshea ile fimbo.

"Mwalimu, umetusomea maisha ya huyo wa Australia. Sasa peleka na haya yangu, naye asomewe."

Nikamjibu, "Yatafika, bibi."

Nimeahidi mbele ya ukumbi mzima, na sitanii. Nani kati yenu ana mtu Australia?